Pikapu Iliyotakiwa Kubaki Kuukuu

Nabuyonga, Mbale
Alasiri, siku moja kabla hujaondoka

Zuhura mwanangu,

Mungu akulinde huko ulipo barabarani. Umetoka hapa saa nne na boda kwenda Busiu kumuaga bibi yako, na bibi namjua, hatakuachia mpaka umemaliza sahani mbili za ndizi na bado akufungie nyingine za njiani. Kwa hiyo nina nafasi mpaka karibu na magharibi. Nimefunga geti. Mwenye ile gari ya bluu alikuja kuulizia bampa zake, nikamwambia arudi wiki ijayo, akanuna. Na anune. Leo mikono yangu ina kazi moja tu.

Sitakuandikia habari ya kufunga mlango, wala ya kuchemsha maji, wala ya vijana wa Jinja. Hayo nimekuimbia mpaka masikio yako yamechoka, na bado utafanya upendavyo. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema Jumanne tukiwa tunakula.

Ulisema, "Mama, nitakwenda kwa baba mkubwa, nitamfanyia kazi vizuri mpaka anizoee. Halafu siku moja, mbele ya watu wake wote, nitamuuliza kwa nini alimtuma baba yangu akafe."

Ulilisema huku unachovya kwenye mchuzi, kama mtu anayesema kesho atanunua chumvi. Mimi nikajifanya nimepaliwa, nikatoka nje. Ulinifuata na maji, ukanipapasa mgongo, ukadhani namlilia baba yako. Sikuwa nalia, mwanangu. Nilikuwa naogopa.

Sasa nalisema, na nalisema hapa juu kabla sijapata ujanja wa kulizungusha. Baba mkubwa Shabani hakumtuma baba yako popote. Aliyemponza baba yako siku ile ni mimi. Na aliyekudanganya miaka kumi na saba ni mimi huyuhuyu.

Umesoma? Haya. Kaa chini, yapo mengine.

Uliwahi kuniuliza, ukiwa na miaka kumi hivi, nani alinifundisha kazi hii ya kurudishia bampa weusi wake. Nikakujibu, nilijifunza mwenyewe. Ala! Mwanamke wa Busiu aliyekua akipukuchua mahindi, ajifunze mwenyewe kuchoma plastiki bila kuiyeyusha? Ni Shabani aliyenifundisha. Rajabu, baba yako, alikuwa akija Busiu na pikapu ya kaka yake kununua mahindi, na alikuwa na maneno matamu kuliko bei zake, basi nikajikuta nimeolewa Jinja, katika nyumba ambayo watu walikuwa wakiongea Kiswahili kuanzia asubuhi mpaka usiku. Mimi Kiswahili nilikijua cha "afande nisamehe" tu. Kiswahili hiki ninachokuandikia nilikipata kwao, na ufundi pia niliupata kwao.

Gereji ya baba mkubwa ilikuwa nyuma ya yale maduka ya zamani yaliyojengwa na Wahindi, uani. Nilianza kwa kuwapelekea chai, nikabaki kutazama. Siku moja akaniambia, "Shemeji, weka birika chini. Shika msasa." Mafundi wengine wakacheka. Akawaambia, "Nyinyi mnaunguza bampa zangu kila wiki. Huyu hana haraka." Ndivyo nilivyoanza. Yale yote ninayokupigia kelele ni maneno yake: osha kwa sabuni ya unga mpaka maji yatoke safi, sugua kwa msasa wa maji, acha ikauke kabisa hata kwenye mikunjo, ndipo uwashe moto. Lile dude la shaba la mafuta ya taa, unalipampu mpaka linanguruma, unapitisha ulimi wa moto juu ya plastiki iliyopauka, upesi, bila kusimama, na weusi unapanda wenyewe kutoka ndani. Mara ya kwanza nilipouona ukipanda nilipiga kelele. Shabani akacheka mpaka akakaa chini.

Unaona mtu niliyekuambia hana moyo.

Kisha vita. Wewe vita unavijua kwa kusimuliwa. Mapigano yenyewe yalikuwa mbali na sisi, huko juu kaskazini, lakini vita vinataka magari, na magari yalikuwa kwetu. Gari za watu zikawa zinachukuliwa barabarani. Wengine waliozichukua walivaa sare, wengine nusu sare, wengine hata viatu hawakuwa navyo ila bunduki. Mtu anatoka nyumbani na gari, anarudi kwa miguu ameshika ufunguo. Nilimwona mmoja amekaa kwenye ngazi za duka, mtu mzima na ndevu zake, anauzungusha ufunguo kidoleni na machozi yanatiririka.

Tukagundua kitu. Gari mbovu zilikuwa zinapita. Afande anaitazama, anaona itamzimikia njiani, anaipungia mkono. Basi Jinja nzima ikaanza kuzeesha magari. Watu waliokuwa wakimlipa baba yako mkubwa awarudishie gari upya, sasa walikuja kumwomba, "Fundi, nichakazie." Na yeye akawa bingwa. Alikuwa akisugua bampa kwa jivu na chokaa mpaka zinapauka kama miguu ya mtu asiyejua mafuta. Anang'oa kioo kimoja cha pembeni. Taa moja anaifunga kwa mpira wa tairi ingawa haikuvunjika. Siku alipoichukua nyundo kuibonyeza pikapu yake mwenyewe, ile nyeupe aliyoipenda kuliko chakula, alifumba macho. Halafu akatoa amri: kisioshwe kitu chochote juu ya matairi, mpaka nchi itulie.

Nakueleza haya ili usije ukanitetea. Watu watataka kukuambia, mama yako alikuwa msichana, hakujua. Nilijua. Jivu lile nilikuwa nikilichekecha mimi.

Mdogo wangu, mama yako mdogo Mariamu, akapata mchumba. Mwenye duka, mwenye ng'ombe, mwenye kila kitu. Kwetu Busiu wakaanza maneno. Shangazi yangu mmoja, Mungu amsamehe, aliniambia mbele ya wanawake wote, "Mariamu anaolewa na mwenye mali. Hadija wetu mume wake anaendesha jivu." Wakacheka. Nami nikacheka. Nililirudisha lile neno Jinja nimelifunga kwenye kanga, nikawa nalala nalo.

Baba mkubwa akatupa pikapu twende nayo harusini. Hakututuma, Zuhura, alitupa, kwa sababu nilimwomba. Na siku hizo kumpa mtu gari ilikuwa kama kumpa figo. Yeye alikuwa anakwenda Kamuli kwenye msiba, siku tatu, na gereji ameifunga. Kabla hajapanda teksi aliniita. "Shemeji, gari nimewapa. Lakini iende vilevile ilivyo. Usije ukaifanya bibi harusi."

Nikasema, "Abee, kaka." Nikacheka. Na yeye akacheka.

Alhamisi asubuhi nikachota maji.

Baba yako alinikuta nimeshaosha bampa ya mbele na nimeshika msasa. Wewe alikuwa amekubeba begani, unamvuta sikio. Akasema, "Hadija, kaka atatuchinja."

"Kaka yako yuko Kamuli."

"Na wenye bunduki nao wako Kamuli?"

Alisema hivyo akiwa anacheka. Mimi nikamjibu, "Barabara ya Busiu imetulia siku hizi." Nililisema kama mtu aliyelisikia redioni. Hakuna aliyeniambia. Nililitunga palepale, msasa mkononi, kwa sababu nilitaka kulimeza lile neno la shangazi na kulitema usoni pake.

Akanitazama, akaona nimeshanuna na siku ndiyo kwanza imeanza. Akaniambia, "Haya, ing'arishe. Siku mbili tu, halafu tunaipaka jivu lake." Akakuweka chini, akanipampia moto. Usije ukaniambia naye alikubali. Alikubali kwa sababu alinipenda, na mimi nilijua hivyo, na nililitumia hilo.

Nilifanya kazi siku ile ambayo sijawahi kuifanya tena. Bampa mbele na nyuma, plastiki za juu ya matairi, kioo nikakirudisha mahali pake, taa nikaifungua mpira. Zote zikawa nyeusi ti. Nikamalizia na tone la mafuta ya simsim kwenye kitambaa. Pikapu ikasimama pale uani kama imetoka melini. Nilizunguka nikiitazama kutoka kila upande, na wallahi, nilikuwa na furaha. Busiu tulipofika, shangazi alikuja mpaka karibu, akainama, akajiona sura yake kwenye bampa. Nilifurahi mno, Zuhura. Watu hudhani kosa kubwa linakuja na moyo kudunda na dalili mbaya. Mimi nilikula pilau siku ile kwa raha ambayo sijawahi kuipata tangu hapo.

Harusi ikaisha. Jumatatu, sufuria na viti vya kukodi vilitakiwa kurudishwa Mbale mjini. Baba yako akavipakia, akaondoka na Juma mpishi. Mimi nilibaki na wewe, tulikuwa tumekupaka hina ya watoto kidoleni na ulikuwa unataka kuionyesha kwa kila mtu. Ulimpungia kidole hicho. Naye akapiga honi.

Juma alirudi alasiri, kwa miguu, bila kofia. Alisema kulikuwa na kizuizi ambacho asubuhi hakikuwepo. Mbele yao zilikuwepo gari tatu, zote mbovu, zikapungiwa zikapita. Ilipofika zamu yao, mwenye bunduki mmoja hakuangalia hata karatasi. Alipitisha kiganja chake juu ya bampa ya mbele, taratibu, akasema kwa wenzake kwa kile Kiswahili chao cha kambini, "Hii mpya. Hii nafika." Juma wakamteremsha na sufuria zake. Baba yako naye akataka kuteremka, akawapa ufunguo. Wakamwambia, "Hapana bwana. Wewe najua gari yako. Wewe endesha."

Wakaelekea kaskazini. Basi. Hakuna zaidi ya hapo, na nimekwisha kutafuta zaidi ya hapo mpaka nimechoka.

Neno lile, "hii mpya", Juma alinieleza mimi peke yangu, nyuma ya jiko. Nilimsihi asimwambie mtu. Marehemu Juma aliiona hali yangu, akaapa, na hakusema mpaka anakufa. Ndilo lililokuwa kosa langu la pili, na ndilo lililoishi sana.

Tulirudi Jinja kwa lori. Baba mkubwa alikuwa ameshafika kutoka Kamuli, habari alikuwa ameshazipata. Watu walianza kujaa uani. Mama mmoja jirani akanishika mikono, akauliza, "Lakini jamani, nani alimtia barabarani siku kama hizi?" Nikamjibu, "Ni gari ya kaka yake." Maneno matano, na yote kweli tupu! Yule mama akatikisa kichwa. "Shabani na mali zake." Na mimi nikanyamaza. Ningeweza kusema hapo. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikanyamaza, na kesho yake mwingine akasema Shabani alimtuma na mzigo, nikanyamaza tena, na baada ya wiki Jinja nzima ilikuwa inajua kwamba Shabani alimuuza mdogo wake kwa gunia la mahindi.

Sikiliza sasa hili ambalo sijawahi kumwambia kiumbe. Siku ile ya kurudi, kabla watu hawajajaa, niliingia uani nikamkuta baba yako mkubwa peke yake. Yale maji meusi ya msasa yalikuwa yamekauka kwenye sakafu, pale nilipokuwa nimeyaacha Alhamisi. Lile dude la moto lilikuwa bado chini, karibu na kigoda changu. Vipande vya msasa vilikuwa vimetapakaa. Fundi wa miaka yote ile, angesoma nini kwenye sakafu hiyo? Alisoma kila kitu. Aliniangalia, nikaangalia chini. Akachukua ndoo na ufagio wa chelewa, akapiga magoti, akasugua sakafu mpaka weusi wote ukatoka. Dude la moto akaliweka kwenye rafu. Kisha akaenda kufungua geti, watu waingie kuhani.

Hakusema neno siku ile. Waliposema yeye ndiye, hakusema. Walipoacha kumletea magari, hakusema. Mimi nilijiambia ananyamaza kwa kiburi, kisha nikajiambia ananyamaza kwa sababu anajua ana hatia ya kutupatia gari. Mtu akitaka kumchukia mwingine hakosi sababu. Ukweli ni kwamba nisingeweza kula sahani moja na mtu aliyesugua sakafu yangu. Tulipokwisha kumwombea baba yako ile sala ya asiyekuwepo, miaka miwili baadaye, nikakubeba mgongoni nikaja Mbale. Na watu walipouliza kwa nini, ah, jibu lilikuwa tayari limeshapikwa.

Ulikua ukiuliza kwa nini baba mkubwa ametusahau. Hakutusahau. Kila Idi alituma kitambaa cha nguo yako kwa mkono wa mtu, na kila Idi nilikirudisha. Isipokuwa kimoja. Kile cha kijani chenye maua madogo, ulikuwa na miaka saba, mwaka ule sikuwa na kitu ndani kabisa. Nilikishona usiku, nikakuambia nimekununulia mimi. Ulikivaa mpaka kikakubana kwapani. Hata hilo, mwanangu, hata asante yako ya mtoto, nilimwibia.

Unakumbuka ninavyokusimulia ile hadithi ya kanzu, na tunavyocheka? Leo nikupe kipande chake kilichobaki. Nilipoanza kazi hapa Mbale sikutumia moto. Nilikuwa nikipaka bampa za watu rangi ya viatu iliyochanganywa na oili chafu. Inang'aa, inapendeza, mteja anaondoka anatabasamu. Ndipo yule bwana harusi wa watu akaja kuegemea gari yake apigwe picha, kanzu nyeupe pee, na alipogeuka, loo, matako yote meusi! Na mvua ikamalizia, weusi ukachuruzika mpaka milangoni. Walikuja hapa watu sita, na bibi harusi mwenyewe wa saba, ndiye alikuwa mkali kuliko wote. Hapo tunacheka. Ninachokuficha ni kwa nini fundi aliyefundishwa vizuri alikuwa akipaka rangi ya viatu. Sikuweza kuwasha lile dude. Nikilisikia linanguruma, naiona Alhamisi ile, naiona mikono ya baba yako ikipampu.

Baada ya kanzu ile nilikwenda nikanunua dude langu. Nililiwasha, nikalizima, nikaliwasha tena. Siku ya tatu mkono ukatulia. Na usianze kunitafutia methali hapa, ya rangi ya kupaka na rangi ya kutoka ndani; nakuona unavyokunja midomo. Nakuambia tu kwamba niliweza. Nililoogopa miaka mitano lilichukua siku tatu. Nikabaki na lingine, hili la leo, na nikaliacha kumi na mbili zaidi.

Kama kuna kitu nimekipata katika haya yote, si hekima, ni uchovu fulani. Kosa la kung'arisha gari nililifanya siku moja, kwa kiburi, na hata leo naweza kumwonea huruma yule msichana niliyekuwa, na shangazi yake. Kosa la kunyamaza nimelifanya kila asubuhi. Kila nilipokuambia "baba yako mkubwa" na wewe ukabinya uso, nililifanya upya. Wewe utakosea Jinja, utaunguza kitu cha watu, utasema usilolijua kama mtu aliyelisikia redioni, kwa sababu umenirithi mdomo. Likitokea, liseme siku hiyohiyo, hata ukiwa unatetemeka. Siku ya pili linakuwa zito zaidi, na mwaka wa pili huna tena nguvu ya kuliinua.

Barua yake uliisoma, ile ya kukuita. Mistari minne. Macho yamepungua, amesikia Zuhura ana mkono, kama anataka aje ashike gereji. Uliisoma kwa hasira, eti sasa anatuhitaji. Mimi niliisoma nikitafuta neno moja la kunisuta. Nililitafuta mbele na nyuma ya karatasi. Halipo. Amekuwa mwuaji wa mdogo wake machoni pa mji mzima, na bado anaandika, "Msalimie sana shemeji."

Kwa hiyo utakapofika kwake, usifanye kazi ya kujipendekeza ili umvizie. Mfanyie kazi kwa sababu hakuna fundi kama yule kati ya Jinja na Mbale. Siku hizi kila gari inayoshuka kutoka Japani ina plastiki nyeusi mwili mzima, na jua letu halina mchezo, kazi haitaisha. Atakupima kwa kidole, si kwa macho, akipitisha kidole na kikakwama anajua hukusugua. Plastiki iliyokwisha kuchomwa mara mbili mwambie mwenye gari ukweli, usiichome ya tatu, itapasuka. Na akikuambia kitu kiende vilevile kilivyo, kiache vilevile kilivyo.

Nilikuwa nimepanga kukusindikiza mpaka stendi tu. Nimebadilisha. Kesho napanda teksi ya Jinja na wewe. Kama hutataka kukaa nami kiti kimoja, nitapanda inayofuata, lakini Jinja nafika. Yule mama jirani aliyenishika mikono bado yupo hai, nimeulizia. Na wazee wa pale msikitini bado wapo baadhi. Nitawaambia mmoja mmoja, mlango kwa mlango, mbele ya Shabani kama atakubali na nyuma yake kama atakataa. Najua atakataa. Ataniambia, "Shemeji, yaliyopita yamepita." Safari hii sitamtii. Mtu huyu ana miaka mingapi iliyobaki? Na afe na jina lake.

Sijui atanipokeaje. Sijui wewe utanipokeaje. Nimekuwa na wewe peke yako tangu ulipokuwa na miaka miwili. Sina mwingine wa kumpoteza. Lakini nikikuacha uende ukasimame mbele ya mzee yule na kumwita mwuaji, nitakuwa nimekupoteza vilevile, ila wewe hutajua, na mimi nitajua. Sikubali. Uondoke kwangu umekasirika, lakini uondoke na baba yako wa kweli na baba mkubwa wako wa kweli. Hao ni haki yako.

Nilifikiri niitie barua hii katikati ya nguo zako, uikute Jinja, mimi nikiwa mbali. Hata pa kuiweka nilikuwa nimeshapachagua. Kisha nikasema hapana, Hadija, huko ni kunyamaza tena, sema tu safari hii kumeandikwa.

Boda imesimama nje. Nasikia unabishana naye. Nitakupa barua hii mkononi kabla hujavua viatu. Sitaenda jikoni, sitashika kazi, sitageuka pembeni. Nitakaa kwenye kigoda mbele yako mpaka uifikie mistari hii ya mwisho. Umeshaifikia. Inua uso, mwanangu, uniangalie. Niko hapa.

Mama yako,
Hadija